Kutuma sampuli za samaki zenye ethanoli kutoka Kigoma: huduma ya mizigo hatari niliyoitumia

Ninafanya kazi kwenye mradi wa utafiti wa samaki wa Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na wengi wao huwakuti kwingine duniani, kwa hiyo maabara za nje hazichoki kutuomba sampuli. Nyama ya kupimwa vinasaba tunaihifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 96, na hapo ndipo kazi inapoanzia. Ethanoli hushika moto upesi. Kwenye kanuni za usafiri wa anga imewekwa daraja la 3 la mizigo hatari, vimiminika vinavyowaka, kwa namba UN1170.

Jibu tulilozoea kwenye kaunta za vifurushi hapa mjini ni fupi: "Spiriti hatupokei." Kaunta moja ilikuwa tayari kupokea mradi tuandike tu "samaki wakavu" tukanyamaza. Tulikataa, na namwomba yeyote anayesoma hapa akatae pia. Mzigo wa namna hiyo unakaa chini ya viti vya watu, na anayeupakia ana haki ya kujua ameshika nini.

Kampuni ninayoisifia leo ni ya kimataifa na ina wakala hapa Kigoma. Naipa nyota nne kati ya tano, na sababu kubwa ni kijana wa kaunta. Kabla ya kugusa mzani alituuliza: "Dada, kila kichupa kina mililita ngapi?" Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo, na swali hilo ndilo linaloamua utajaza karatasi gani. Kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, zinazotolewa upya kila mwaka, zina kifungu maalumu kinachoitwa A180. Kinahusu vielelezo visivyo na maambukizi, wakiwamo samaki, wadudu, vyura na ndege, vilivyohifadhiwa kwenye alkoholi kidogo. Kichupa kisizidi mililita 30, na boksi zima lisizidi lita moja ya kimiminika. Ukivifunga kwa utaratibu wake, mzigo hauhesabiwi tena kuwa hatari na fomu ile kubwa ya tamko la mzigo hatari haihitajiki.

Tulikuwa na samaki wazima pia, waliozama kwenye chupa kubwa za kioo. Kijana akaitazama chupa, akasema: "Hawa si wameshaiva kwenye dawa? Mwageni dawa yote, muwavike kitambaa." Ni kweli. Samaki aliyekwisha kukolea dawa anaweza kusafiri amefungwa kwenye kitambaa chepesi kilicholowa alkoholi, ndani ya mfuko uliozibwa kwa moto, na kifungu kinaruhusu kabisa. Mifuko ikawa mtihani mwingine, maana A180 inataka mfuko uzibwe kwa moto, kisha uingie kwenye mfuko wa pili wenye kitu cha kufyonza, nao uzibwe vilevile. Gundi au kamba havitoshi. Mashine ya kuzibia tuliazima mtaa wa Mwanga kwa mama mmoja anayefungasha dagaa wa kuuza Dar es Salaam. Alituziba yote mwenyewe kwa ustadi kuliko tungefanya sisi, akakataa malipo, akataka tu kujua samaki wadogo hivi wanakwenda kufanyiwa nini huko Ulaya. Tulikaa naye tukamweleza.

Juu ya boksi gumu unaandika maneno ya Kiingereza yaliyoagizwa na kifungu: kwamba ni vielelezo vya utafiti wa kisayansi, havibanwi, na A180 inatumika. Kijana akahakikisha namba hiyo inaandikwa na kwenye hati ya mzigo, ili mtu wa Dar es Salaam akisoma neno "ethanoli" asishtuke na kulizuia boksi. Mzigo huo ulifika salama.

Nyota ya tano waliipoteza kwenye chupa moja ambayo hatukuweza kuimwaga. Ilikuwa na vifaranga vya samaki, laini mno, ambao nje ya kimiminika wangeharibika. Kwa kimiminika kinachozidi mililita 30, hiyo A180 haiibebi, kwa hiyo inakwenda kama mzigo hatari kamili, pamoja na Tamko la Mtumaji. Ile ni fomu yenye mistari myekundu iliyolala mshazari pembezoni, kushoto na kulia. Unaandika namba UN1170, jina rasmi la kusafirishia, daraja 3, kundi la ufungashaji II, kiasi na aina ya boksi, kisha namba ya maelekezo ya ufungashaji, ambayo kwa ndege ya abiria ni 353. Mpangilio haubadilishwi. Ukikata neno, marekebisho yatiwe saini ileile iliyoko chini ya fomu. Boksi lenyewe liwe limepimwa na kupigwa mhuri wa UN wenye herufi 4G, na la namna hiyo sikulipata duka lolote la Kigoma.

Kumbe wakala wa Kigoma haruhusiwi kupokea mzigo wa tamko. Hilo lilipaswa kusemwa siku ya kwanza, sio baada ya kulipia. Chupa ikabidi isafiri kwa gari la mradi hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Tamko nalo halijazwi na yeyote tu: mwenye kutia saini awe amefunzwa, na mafunzo hayo hurudiwa kila miezi 24. Mwenzetu wa Dar mwenye cheti ndiye aliyetia saini. Ofisi ya kampuni ikamchapishia fomu kwa printa ya wino mweusi, na kitengo chao wenyewe cha ukaguzi kikaikataa kwa sababu mistari haikuwa myekundu! Hapo nilikasirika. Mkaguzi alifanya sawa, kwa kuwa anafuata orodha ya maswali na "hapana" moja inarudisha mzigo wote. Lakini wenzake wa chumba cha pili walipaswa kuijua orodha hiyohiyo. Na gharama ya ziada ya mzigo hatari, inayotozwa kwa kila kifurushi, tuliikuta kwenye ankara bila kuambiwa mapema.

Kuna jambo la betri pia, kwa mafundi sola na simu wanaoniuliza. Safari hiyohiyo tulirudisha kipima maji kwa mtengenezaji, chenye betri ya lithiamu-ioni ndani. Betri ikiwa ndani ya kifaa, namba yake ni UN3481. Betri peke yake ni UN3480, na hiyo haipandi ndege ya abiria kama mzigo tangu mwaka 2016. Ukubwa wake kwa wati-saa unaupata ukizidisha volti kwa saa za ampia: yetu ilikuwa 3.7 kwa 2.6, kama wati-saa 9.6, chini ya kikomo, ambacho ni 20 kwa betri ya seli moja na 100 kwa ya seli nyingi. Waliomba muhtasari wa majaribio ya usalama wa betri yaitwayo UN38.3, tukaupata kwenye tovuti ya mtengenezaji. Betri iliyovimba au inayovuja usiipeleke kaunta ya ndege, hairuhusiwi hata kidogo.

Vibali vya utafiti vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na ruhusa ya kutoa sampuli nje ya nchi viwe mkononi kabla ya yote haya, kampuni haikusaidii hapo. Ukiwa Kigoma na mzigo wako unaangukia A180, nenda kaunta moja kwa moja, asubuhi, ukiwa na boksi wazi ili wakague kabla hujalifunga. Ukihitaji tamko, waandikie kwanza kitengo cha mizigo hatari Dar es Salaam, uwatumie karatasi ya usalama ya kemikali yako, wasome sehemu ya 14 inayohusu usafirishaji, na udai bei yote kwa maandishi.