GPS ya Mkononi kwa Ndege Ndogo: Ipi Ununue Ukirukia Afrika Mashariki

Rubani wa Cessna 172 au 206 anayetokea uwanja wa Wilson jijini Nairobi, Arusha au Zanzibar hununua GPS ya mkononi kwa sababu iliyo wazi: dashibodi ya ndege anayoikodi mara nyingi ni ya zamani, na viwanja vingi anavyovikusudia ni vya vumbi au nyasi, visivyo na mnara wala kifaa chochote ardhini cha kumwongoza. Katika mwongozo huu nimevipanga vifaa kuanzia ninachokipendelea zaidi, nikiangalia jua letu, joto letu na viwanja vyetu. Ifahamike tangu mwanzo kwamba vyote ni msaada kwa rubani anayeruka huku anaiona ardhi. Hakuna kati yake kilichoidhinishwa kuwa njia kuu ya kuongoza ndege ndani ya mawingu, na muuzaji anayedai vinginevyo usimwamini hata kwenye bei.

Nafasi ya kwanza naipa Garmin aera 660, iliyotoka mwaka 2016. Kioo chake cha inchi 5 kinasomeka hata jua la saa saba linapopenya dirisha la mbele, na betri yake huchomolewa kwa mkono, kwa hiyo unaweza kubeba ya akiba badala ya kutegemea waya. Betri moja hukaa hadi saa 4, muda unaotosha kutoka Wilson hadi Malindi kwa Cessna 172 na chaji ikabaki. Kwenye ramani yake, ardhi iliyo karibu na kimo chako hugeuka njano, kisha nyekundu, jambo unaloanza kulithamini siku mawingu yanapokaa chini juu ya vilima vya Ngong na wewe bado unatafuta njia ya kurudi. Ilipotoka, bei yake Marekani ilikuwa chini ya dola 900; usafirishaji na ushuru uhesabu kando.

Nafasi ya pili ni kishikwambi chenye programu ya urubani, kikiambatana na kipokezi cha GPS cha pembeni kama Garmin GLO 2. Kwa upande wa ramani, mpango huu unaishinda aera kwa mbali, kwa sababu kioo ni kikubwa, kupanga safari ni rahisi, na ukiwa nyumbani kifaa kina kazi nyingine. Wengi hununua iPad mini, lakini hukosea mara wanapofika dukani: iPad isiyo na nafasi ya laini ya simu haina GPS ndani yake, na bila kipokezi cha pembeni itakuonyesha ramani nzuri isiyojua uko wapi. Kabla ya kulipia programu, hakikisha pia kwamba inafika kwetu, kwa sababu ForeFlight na SkyDemon, pamoja na sifa zao zote, zilijengwa kwanza kwa ajili ya anga ya Marekani na ya Ulaya. Fungua orodha ya nchi, utafute Kenya au Tanzania, ndipo utoe kadi.

Kinachokishusha kishikwambi hadi nafasi ya pili ni joto. Apple yenyewe inaeleza kwamba iPad imetengenezwa kufanya kazi penye hewa ya nyuzi 0 hadi 35 za selsiasi, ilhali ndege iliyoegeshwa juani Lodwar au Mombasa huvuka kiwango hicho kabla hujafunga mkanda. Katika safari yangu moja ya kwenda Lodwar, kishikwambi nilichokuwa nimekibandika dirishani kilizima kioo mara tu tulipoipita Kapedo, kikabaki na alama ya kipimajoto tu. Ramani ya karatasi ilikuwa pajani, na nilikuwa nimeweka alama ya penseli kwenye Ziwa Baringo pamoja na saa tuliyopita, kwa hiyo tuliendelea kwa dira na saa mpaka kifaa kilipopoa. Tangu hapo kishikwambi nakifunga pajani, kwenye kivuli, na ganda lake la mpira naliacha nyumbani kwa sababu huzuia joto lisitoke. Ganda lenye sumaku nalo ni la kuacha. Lisogeze karibu na dira ya maji ya ndege uone namna kadi yake ya namba za mwelekeo inavyoyumba.

Ya tatu ni aera 760 ya mwaka 2020, yenye kioo cha inchi 7, iliyotoka kwa bei ya karibu dola 1,600. Mwenye ndege yake mwenyewe na mahali pa kuifunga kwa kudumu anaweza kuipandisha juu ya 660. Kwa mkodishaji anayebadilisha ndege kila wiki, ni kubwa na ghali kuliko haja yake, na kwenye usukani wa 172 inaziba vipimo.

Baada ya hapo kuna soko la mitumba, ambako GPS za zamani za Garmin, GPSMAP 296, 396 na 496, bado zinauzwa. Vitufe vyake ni rahisi kubonyeza hewa inaporusharusha ndege kuliko kioo cha kugusa. Hata hivyo usinunue bila kuiwasha nje, palipo wazi, na kusoma tarehe. Mnamo Aprili 2019 hesabu ya wiki ya satelaiti za GPS ilianza upya kutoka sifuri baada ya wiki 1,024, na baadhi ya vifaa vya zamani, vya kampuni mbalimbali, vilirudi nyuma karibu miaka 20. Muulize muuzaji pia kama data ya viwanja na anga kwa mtindo huo bado inapatikana, na kama iliyomo ni ya kanda ya Atlantic, ambayo ndiyo inayoibeba Afrika. Kifaa kilichonunuliwa Marekani mara nyingi huja na data ya bara la Amerika.

GPS ya wapanda milima, kama eTrex, ibaki kuwa akiba ndani ya begi. Simu peke yake siipangi popote.

Bei ya kifaa huwa ndogo ukilinganisha na bei ya kukitunza. Data ya anga hutolewa upya kila siku 28, na viwanja vingi vya hifadhini havimo humo kabisa, kwa hiyo utaviingiza mwenyewe, na hapo ndipo makosa makubwa yanapozaliwa. Ukipewa latitudo yenye dakika 19 na sekunde 50, kisha ukaziandika 19.50 kwenye kifaa kinachosubiri dakika zenye desimali, umekosea takribani mita 600. Ukiiacha herufi N (kaskazini) pale panapotakiwa S (kusini), Wilson itahamia kaskazini ya Maralal, zaidi ya maili 150 za baharini. Ukizichukua namba kutoka ramani za zamani za serikali zilizochorwa kwa kipimo cha Arc 1960 bila kuzigeuza kuwa WGS 84, kipimo kinachotumiwa na GPS, utakuwa umehama takribani mita 300. Njia ninayoiamini ni kutua kwanza na mtu anayekijua kiwanja, kisha kuhifadhi alama ukiwa umesimama kwenye kila ncha ya njia ya kurukia. Alama mbili hukupa pia mwelekeo wa kutua, ambao ni muhimu pale nyasi zinapofanana pande zote.

Suala la umeme halihitaji maneno mengi. Ndege nyingi zina mfumo wa volti 28, na chaja ya gari iliyoandikwa volti 12 pekee haifai kuchomekwa humo. Hata zile zinazofaa, nyingine huingiza kelele kwenye redio. Kwa hiyo kabla ya kulipa omba kuijaribu: washa redio, fungua kizuia kelele cha redio (squelch) mpaka usikie mvumo, kisha chomeka na uchomoe chaja. Mvumo ukibadilika, irudishe kwa mwenye duka.