Uzoefu wangu: miaka 22 ya kulipia tiketi za Oakland Athletics

Wenzetu wanaohamia kaskazini mwa California huniuliza mara kwa mara kama inafaa kuishabikia timu ya besiboli ya Athletics sasa ambapo imehama Oakland na kuweka kambi ya muda West Sacramento. Nimelipia tiketi za timu hiyo tangu 2002 hadi siku ya mwisho, Septemba 26, 2024, kwa hiyo naona nina haki ya kujibu kama mteja, na jibu langu ni hapana. Sababu si wachezaji, wala si uwanja uliochakaa, wala si kushindwa mechi, maana kushindwa ni sehemu ya mchezo na shabiki asiyeweza kuvumilia hilo heri abaki nyumbani. Sababu ni mmiliki na uongozi wake.

Nianze na nilichokipenda, ili ieleweke nimepoteza nini. Nilifika Oakland kutoka Tanga mwaka 2002 nikiwa sijui hata gongo linashikwaje, na jioni ya Septemba 4 mfanyakazi mwenzangu akanichukua kwenda uwanja wa Coliseum, ambako tuliketi pamoja na watu zaidi ya 55,000. Athletics walikuwa wameshinda mechi 19 mfululizo. Usiku ule waliongoza Kansas City Royals kwa 11 bila, wakaachia uongozi wote ukayeyuka mpaka ikawa 11 kwa 11, kisha katika zamu ya mwisho Scott Hatteberg, aliyeingizwa kama mpigaji wa akiba, akaupiga mpira ukavuka ukuta wa upande wa kulia. Ikawa ushindi wa 20 mfululizo, rekodi wakati huo ya American League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya besiboli. Sikuwa nimeelewa hata nusu ya kanuni, lakini nilikumbatiwa na watu watatu nisiowajua, na tangu siku hiyo nikawa mmoja wao.

Jambo la kuzingatia ni kwamba timu ile ya 2002 ilikuwa miongoni mwa zilizolipa mishahara midogo kabisa katika ligi. Meneja mkuu, Billy Beane, alitafuta wachezaji ambao wengine hawakuona thamani yao, na timu ikashinda mechi 103. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba mashabiki wa Oakland tulidai matajiri watumwagie fedha. Tulishazoea ubahili. Tulichokizoea pia ni kuona kila aliyeajiriwa pale, kuanzia juu hadi chini, anataka kushinda, na hicho ndicho kilichoondolewa.

John Fisher, ambaye wazazi wake ndio walioanzisha kampuni ya nguo ya Gap, aliinunua timu mwaka 2005 pamoja na Lew Wolff kwa takriban dola milioni 180, na tangu 2016 yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho. Katika muda wote huo tumesikilishwa habari za uwanja mpya: kwanza Fremont, kisha San Jose, kisha karibu na Chuo cha Laney, kisha bandarini Howard Terminal. Kila mpango ulikuja na picha nzuri za kompyuta, na kila tulipoanza kuuamini ukafa. Sikatai kwamba mengine yalikuwa nje ya uwezo wao, kwa mfano San Jose, ambako timu jirani ya San Francisco Giants ilikuwa na haki ya eneo, yaani haki ya kuzuia timu nyingine kuhamia huko. Ila mteja anayeahidiwa kitu kilekile kwa miaka 15 huanza kuchunguza kama muuzaji ana nia ya kukitoa.

Kilichonikata maini hasa ni Machi 2022. Msimu uliotangulia tulikuwa tumeshinda mechi 86, si haba. Kisha ndani ya siku tano nyota wetu watatu wakaondolewa: Chris Bassitt akapelekwa New York Mets, Matt Olson akapelekwa Atlanta na Matt Chapman akapelekwa Toronto. Sean Manaea akafuata mwanzoni mwa Aprili kwenda San Diego. Kijana wangu alikuwa na fulana ya Chapman. Msimu huo tukapoteza mechi 102, na uliofuata tukapoteza 112, matokeo mabaya kuliko yote katika historia ya timu ikiwa Oakland, huku bajeti ya mishahara ikiwa ya chini kuliko timu zote 30.

Msomaji aliyezoea soka atauliza mmiliki anawezaje kuendesha biashara hivyo bila kuadhibiwa. Inawezekana kwa sababu ligi hii haina kushuka daraja. Katika Ligi Kuu yetu ya Tanzania timu inayopoteza ovyo hushushwa, lakini hapa timu ya mkiani hubaki palepale, hupata mgawo wake wa fedha za televisheni ya taifa, na thamani yake hupanda kwa kuwa viti vya ligi ni 30 tu na wenye kuvitaka ni wengi. Makadirio ya jarida la Forbes yaliiweka timu iliyonunuliwa kwa milioni 180 juu ya dola bilioni moja, katika miaka ileile ambayo uwanjani hakukuwa na cha kutazama. Watu walipoacha kuja, viti vitupu vikageuzwa ushahidi kwamba mji wetu haufai kuwa na timu. Mwenye duka huwezi kuondoa bidhaa zote rafuni, halafu ukasema mtaa huu hauna wanunuzi.

Juni 13, 2023, siku ya Jumanne, mashabiki walijipanga waje kwa wingi kwa makusudi, kuonyesha kwamba wanunuzi tupo. Tulikuwa 27,759. Nilikwenda na shemeji yangu aliyekuwa ametutembelea kutoka Tanga. Tulishuka kwenye treni ya BART, tukavuka lile daraja refu la waenda kwa miguu, na sauti ya ngoma za mashabiki wanaokaa upande wa kulia wa uwanja ikatufikia kabla hatujafika langoni. Tulipewa fulana za kijani zenye neno moja la kumtaka mmiliki auze. Katika zamu ya tano uwanja mzima ulisimama kimya kwa mpigaji mmoja, kimya cha msikitini, kisha sauti zikalipuka kwa pamoja. Shemeji akanivuta mkono.

“Shemeji, kwani mtu huyu hana wanachama wa kumwita mkutanoni?”

“Hana, shemeji. Hapa timu ni mali yake kama ilivyo nyumba yake.”

“Basi hawa wanamwimbia nani?”

Sikuwa na jibu. Tuliwafunga Tampa Bay Rays 2 kwa 1, ushindi wa saba mfululizo wa timu hiyo mbovu, na siku mbili baadaye gavana wa Nevada akatia saini sheria ya kutoa dola milioni 380 za umma kwa ajili ya uwanja wa Las Vegas, ambako Fisher alitaka kuihamishia timu. Novemba wamiliki wa timu zote 30 za ligi walipiga kura ya kuruhusu kuhama. Hakuna hata mmoja aliyekataa, na hilo ndilo linalonifanya nilaumu zaidi ya mtu mmoja.

Siku ya mwisho tulikuwa 46,889, tukashinda dhidi ya Texas Rangers 3 kwa 2. Mbele yangu aliketi mzee ambaye kwa miaka mingi nilimwona akiandika kila mpigo kwa penseli katika daftari la matokeo, vijisanduku vidogo safu kwa safu. Mchezaji wa mwisho alipotolewa, mzee alijaza kisanduku chake, akapuliza vumbi la kifutio, kisha akabaki ameshika penseli kama mtu anayesubiri timu irudi uwanjani. Tuliondoka saa nzima baadaye, naye bado alikuwa ameketi.

Kwa wachezaji, wafanyakazi wa uwanja na wapiga ngoma natoa nyota tano. Kwa umiliki natoa moja, kwa kuwa haiwezekani kutoa chini ya hapo. Timu sasa inachezea uwanja wa watu wapatao 14,000 huko West Sacramento, inajiita Athletics tu bila jina la mji, na inasubiri Las Vegas mwaka 2028. Anayetaka besiboli Oakland aende bustani ya Raimondi kuwatazama Oakland Ballers, timu ya ligi ndogo iliyoanza kucheza 2024 na ambayo imewauzia mashabiki hisa. Nilikwenda mara nne msimu wa kwanza. Ngoma zilikuwapo.