Uzoefu wangu na mtambo wa biogesi ya taka kavu, Pongwe

Nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezizuia kwa sababu ya taima ya pampu na kitabu cha maelekezo.

Ninauza chakula Tanga mjini, na nyumbani Pongwe nina ng'ombe wachache wa maziwa. Maganda ya ndizi na mihogo hayaishi, samadi ndiyo usiseme. Kilichonivuta ni maji. Biogesi ya shimo tuliyoizoea inataka samadi ikorogwe na maji karibu sawa kwa sawa, na kiangazi kwetu maji ni ya kununua. Mtambo huu unaujaza taka kama zilivyo, unafunga mfuniko usiopitisha hewa, maji kidogo yananyunyizwa juu, yanachuja hadi chini, pampu inayarudisha juu. Yanazunguka yale yale. Nyumbani tunayaita mchuzi.

Kwa chombo chenyewe sina neno. Mfuniko unabana, na kwenye bomba la gesi wameweka kopo lenye nyuzi za chuma zinazonasa ile gesi ya harufu ya yai bovu, ambayo ingekula jiko kwa kutu.

Mgogoro ni taima. Fundi aliitega pampu izungushe mchuzi karibu kutwa nzima. "Mama, ukizunguka sana gesi inakuja haraka." Kweli ikaja, ila haiwaki! Unasogeza kiberiti, inapuliza na kukizima. Mchuzi ukawa unanuka siki, na karatasi ya kupimia asidi ikageuka nyekundu.

Jirani yangu mmoja aliwahi kufanya kazi Hale, kule walikozalisha umeme kwa biogesi ya mabaki ya mkonge (nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani, kwingine kote ni taka). Alinusa tu akajua. Taka mbichi zinapoanza kuoza hutoa asidi, na bakteria wanaotengeneza methani, ile gesi inayowaka, huzaliana polepole kuliko wale wa asidi. Ukizungusha mchuzi kwa fujo mwanzoni, asidi yote inakamuliwa kwa mpigo na kuwamwagikia hao wanyonge, ambao wanataka pH (kipimo cha asidi) ya karibu 7, yaani pasipo asidi kali. Wanalala, gesi inayotoka inakuwa hewa ukaa kwa wingi, nayo haiwaki.

Tukasimamisha pampu. Tukapunguza mchuzi mchungu, tukaongeza maji ya samadi kutoka shimo la zamani la biogesi linalofanya kazi, maana hayo yana bakteria wengi tayari. Kisha taima ikategwa upya: inazungusha dakika chache, inapumzika saa kadhaa. Mwako ulirudi taratibu, kwanza wa njano unaoyumba, baadaye wa bluu. Sasa kila ninapopakia taka mpya nabakiza mchuzi uliokomaa, sianzi na maji ya bomba. Muuzaji nilipompigia simu alisema nikigusa taima waranti inakufa. Basi ife.

Jambo la pili ambalo kitabu hakisemi ni upakiaji. Ukishindilia maganda laini, mchuzi unajitafutia njia moja pembeni mwa tangi na kushuka nayo hiyo hiyo. Nilipofungua kupakua, pembeni palikuwa peusi na pameoza vizuri, katikati maganda ya ndizi bado yana rangi yake ya njano. Siku hizi natandika makumbi ya nazi chini, na mengine nachanganya humo humo ili mchuzi upenye. Matundu ya kunyunyizia huziba kwa nyuzinyuzi, nayazibua kwa sindano ya kushonea magunia. Muuzaji angeweka chujio kabla ya pampu tusingefika huko.

Uchafu wa samaki na mavi ya kuku nao uwekwe kwa kiasi. Huongeza amonia, na kwa kuwa mchuzi ni ule ule, amonia na chumvi zinajilimbikiza mpaka bakteria wanadhoofika. Mimi huchota kiasi, nikajazia maji safi. Nilichochota nakizimua na kumwagia migomba. Maganda ya machungwa ya Muheza, ambayo msimu wake ukifika yamejaa kila kona, nayaweka machache sana kwa sababu mafuta ya ganda huwaua bakteria.

Mwenye maji ya uhakika na samadi tele, shimo la kawaida litamtosha na halina pampu ya kumuumiza kichwa. Kwa mwenye maganda mengi na maji haba, huu unafaa, ila mwambie fundi aitege taima mbele yako.