Kiboksi cha dawa cha wiki: nyota mbili na nusu

Wanaouguza mtu wa kansa nyumbani someni hii kabla hamjatoa hela. Ni kile kiboksi cha plastiki chenye vyumba 14, asubuhi na jioni kwa siku saba, nilikipata Majengo hapa Dodoma kwa elfu saba, muuzaji alianzia elfu kumi nikabembeleza.

Mama yetu yuko Nkuhungu, anameza kapesitabini, vidonge vya kansa vya mg 500, vitatu asubuhi vitatu jioni baada ya kula, wiki mbili anameza wiki moja anapumzika. Stripu moja ina vidonge 10. Sasa piga hesabu, jioni ya siku ya pili kinabaki kimoja peke yake, inabidi atoboe viwili kwenye stripu nyingine, na dawa yenyewe ndo hiyo inayochubua viganja, alafu ile dawa nyingine ya kansa ya dripu imemwachia ganzi kwenye vidole, yaani kubonyeza kidonge kitoke kwenye ile foili ni machozi. Na lebo imeandikwa 3x2, jirani akaisoma viwili mara tatu, tukakaa siku nzima tunabishana.

Ndo nikasema kiboksi kitamaliza kesi. Wapi! Vifuniko vyake vinabana na vinataka kucha, na kucha za mama ndo zimekuwa laini vile. Siku ya pili nimemkuta anafungua kwa meno. Siku ya nne kikafunguka ghafla vidonge vikamwagika kwenye mkeka na mjukuu wa miaka miwili kakaa pembeni, moyo ulinilipuka jamani.

Nikarudi duka la dawa tunalochukulia, dada mfamasia akaniambia kosa langu, hizi dawa za kansa hazitolewi kwenye stripu mapema wala hazichanganywi na nyingine, hazivunjwi, na mie ninayemtolea nivae glavu. Akachukua mkasi, akakata stripu vipande vya dozi foili ikiwa haijaguswa, akaweka kwenye bahasha za kaki, akaandika kwa maka pen herufi kubwa, jua kwa asubuhi, mwezi kwa jioni, na eksipaya kila bahasha maana ukikata unaweza kuipoteza. Mama hata miwani hahitaji. Hakunichaji hata mia.

Kubonyeza bado nabonyeza mimi, namdondoshea kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Hapo wenye viwanda ndo nawalaumu, hiyo foili wameikaza kama ya kumzuia mwizi, wakati anayeimeza ni mtu asiyeweza kufunga kifungo cha gauni.

Kiboksi hakijatupwa, kinakaa dawa za presha, nimebandika vipande vya plasta kwenye vifuniko ashike avute. Bahasha za yule dada nazipa tano kamili, ila uende asubuhi, ikifika saa saba foleni iko mpaka nje juani.