Zinki ya kuyeyusha na ORS katika boksi moja: kidonge kimefaulu, boksi bado

Boksi ninalolitathmini hapa lina vidonge kumi vya zinki, kila kimoja miligramu 20, pamoja na pakiti mbili za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kumrudishia mtoto maji yaliyopotea mwilini, na linauzwa katika maduka ya dawa ya hapa Dar es Salaam kama tiba ya mtoto anayeharisha. Tumelitumia kwa mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu, na maoni yangu ni kwamba aliyetengeneza kidonge alimfikiria mtoto, ilhali aliyepanga boksi hakumfikiria mzazi atakayelifungua usiku wa manane.

Nianze na kidonge, kwa kuwa ndicho kinachostahili sifa. Hakimezwi. Unakiweka kwenye kijiko cha chai, unatia maji safi na salama, maziwa ya mama yaliyokamuliwa au ORS yenyewe, kisha unasubiri kidogo. Kinavimba pembeni, kinamomonyoka, na kabla dakika haijaisha kijikoni kuna uji mwepesi wenye harufu ya vanila. Chembechembe hubaki chini ya kijiko, na hizo nazo ni dawa, hivyo inabidi kuongeza matone machache ya maji, kuzungusha, na kumpa mtoto amalizie. Vidonge vyenyewe ni laini mno, na ukikisukuma kimoja kwa kidole gumba kupitia karatasi yake, kama tulivyozoea kwa Panadol, kinatoka vipandevipande. Ni afadhali kuichana karatasi kuanzia kwenye kona.

Ladha ndiyo mtihani mkubwa wa dawa hii, kwa sababu zinki ina ukakasi unaobaki ulimini hata baada ya utamu kupita. Vanila inauficha mwanzoni, lakini haiumalizi, na mtoto wetu alikunja uso kila mara. Kutapika ni jambo linalojulikana: katika utafiti uliofanyika Dar es Salaam na New Delhi kwa watoto 4,500 wenye umri wa miezi 6 hadi 59, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, waliotapika ndani ya nusu saa baada ya kupewa miligramu 20 walikuwa asilimia 19.3, na kwa waliopewa miligramu 5 walikuwa asilimia 13.7, huku dozi hiyo ndogo ikionekana kutozidiwa na ile kubwa katika kutibu. Vidonge vya boksi hili bado ni vya miligramu 20. Vina mstari katikati wa kuvigawa, kwa kuwa mwongozo ulioandikwa kwenye karatasi yake unaelekeza nusu kidonge kwa mtoto wa chini ya miezi sita.

Hata hivyo, nikilinganisha na zinki ya maji, ningechukua kidonge bila kusita. Dawa ya maji inategemea kijiko cha nyumbani, na vijiko vya nyumbani havilingani. Chupa yake ni nzito na ikianguka imekwisha. Kidonge kimepimwa kiwandani, na hakihitaji chochote zaidi ya kijiko na maji kidogo. Mtoto si mtu mzima wa kuvunjiwa vidonge vya wakubwa kwa kisu.

Udhaifu uko kwenye ORS. Pakiti zote mbili ni za kuchanganywa na lita moja ya maji, na ndani ya boksi hakuna chombo cha kupimia wala alama yoyote. Katika nyumba nyingi chupa iliyo karibu ni ya lita moja na nusu, na ukiijaza umeizimua dawa. Ukitia maji pungufu, unampa mtoto chumvi nyingi kupita kiasi, jambo ambalo ni la hatari zaidi. Sisi tulitumia chupa mbili za maji za nusu lita. Isitoshe, mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na mchanganyiko haupaswi kukaa zaidi ya saa 24, kwa hiyo sehemu kubwa ya lita ile humwagwa. Kule Zambia kulibuniwa Kit Yamoyo, yenye pakiti ndogo za mililita 200 na kifungashio kinachotumika chenyewe kama kipimo cha maji. Sioni sababu ya watengenezaji wetu kushindwa kuiga hilo.

Kasoro nyingine ni maelezo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza mwaka 2004 kwamba zinki itolewe kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma, kwa kuwa faida yake ni pamoja na kupunguza uwezekano wa mtoto kuharisha tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata. Karatasi ya boksi hili inataja siku kumi kwa herufi ndogo, tena kwa Kiingereza, na haielezi sababu. Mzazi anayeona kinyesi kimeshika siku ya tatu ataviweka vidonge saba kabatini. Muuzaji naye hakutuambia lolote kuhusu hilo. Alichotupendekezea ni kuongeza dawa ya antibayotiki, ambayo haisaidii kitu pale ambapo kuharisha kumesababishwa na virusi.

Nunueni, ila ulizeni kwanza kama duka lina aina yenye pakiti za nusu lita au mililita 200. Mtoto mwenye damu kwenye kinyesi, macho yaliyodidimia, anayelegea au anayeshindwa kunywa hatibiwi kwa boksi hili nyumbani. Huyo apelekwe kituo cha afya mara moja, akiendelea kunyweshwa ORS njiani kama anaweza kumeza.