Uzi wa blanketi la vipande na maua ya krosheti: upi ununue, upi uuache dukani

Mablanketi mengi ya vipande huharibikia dukani, hata mnyororo wa kwanza haujafumwa. Mnunuzi anavutwa na rangi, anabeba mabonge matatu ya akriliki, mawili ya pamba, na moja lisilo na lebo kwa kuwa zambarau yake imempendeza. Akishafua mara mbili, vipande vya pamba vimesinyaa, vya akriliki viko vilevile, na blanketi limejaa mabonde kama shuka lililotandikwa juu ya magunzi. Hapa tunazipanga aina za uzi kwa namna zinavyovumilia beseni, jua na kukaliwa. Rangi utachagua baadaye, ndani ya aina uliyokwisha kuiamua.

Kipimo cha kulinganishia ni blanketi la sm 120 kwa 150, yaani vipande 180 vya sm 10 (12 kwa 15). Kila kipande kina mizunguko minne ya nguzo zinazofumwa tatutatu, kwa sindano ya krosheti ya mm 4. Nguzo ni ule mshono mrefu unaozungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuingia tunduni.

1. Akriliki ya unene wa kati

Kwa blanketi la kulalia au kutupia kwenye kochi, anza hapa. Kwenye lebo unene huu huandikwa DK, au "8 ply", au huwa na mchoro wa fundo la uzi wenye namba 3 ndani. Bonge la gramu 100 hutoa karibu mita 290 hadi 300. Akriliki haisinyai kwa maji ya kawaida, hukauka upesi hata msimu wa masika, nondo hawaigusi, na rangi zake ni nyingi.

Ubaya wake ni miwili. Wa kwanza ni vile vipira vidogo vinavyoota juu pale blanketi linaposuguliwa. Uzi uliosokotwa kwa kulegea huviota haraka. Usugue uzi kati ya kidole gumba na cha shahada mara thelathini papo hapo dukani; ukianza kuota manyoya, urudishe kwenye rafu. Ubaya wa pili ni moto. Akriliki huyeyuka. Pasi ikiukanyaga mraba, unalala kama plastiki na hauinuki tena. Ukitaka kuunyoosha, ubandike kwa pini kwenye taulo, ushike pasi ya mvuke sm 3 juu yake bila kugusa, kisha uuache upoe ukiwa bado umebanwa. Na blanketi la akriliki lisikae karibu na jiko la mkaa.

Uzi wa kusukia nywele unaouzwa kwenye maduka ya urembo mara nyingi nao ni akriliki, na watu huununua kwa kuwa ni rahisi. Kwa maua ya kubandika kwenye pochi au kibanio, sawa. Kwa blanketi la vipande 180 tunaupinga: unene wake hubadilika bonge kwa bonge, na mara nyingi lebo haionyeshi mita wala loti, yaani namba ya kundi la uzi uliotiwa rangi pamoja.

2. Mchanganyiko wa pamba na akriliki

Ukiwa Tanga, Mombasa, Unguja au Dar, blanketi la akriliki tupu linafanya mgongo ulowe jasho. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, au pamba 60 kwa akriliki 40, unapitisha hewa vizuri zaidi na hauwi mzito kama pamba tupu ukilowa. Tunauweka wa pili kwa sababu bei yake ni ya juu na rangi ni chache. Kwa mtu wa pwani unaweza kabisa kuwa wa kwanza. Kwa Njombe au Limuru mwezi wa saba, hapana.

Tatizo lake ni kupasuka: ncha ya sindano inaingia katikati ya nyuzi ndogo badala ya kuuchukua uzi mzima. Tumia sindano yenye ncha ya mviringo kidogo, si iliyochongoka.

3. Pamba tupu, hasa iliyong'arishwa

Kwa maua, hii ndiyo namba moja, wala hakuna wa kuikaribia. Pamba iliyong'arishwa ni ile iliyopitishwa kwenye magadi makali ya kiwandani huku imevutwa. Inapata mng'ao, inashika rangi vizuri, na uzi wake huwa mgumu kidogo. Ugumu huo ndio unaolisimamisha petali. Ua la petali tano lililofumwa kwa akriliki laini hulala chali baada ya kufuliwa mara moja. La pamba unalinyoosha kwa vidole lingali bichi na linakaukia pale ulipoliacha. Fumia sindano ndogo kwa nusu milimita kuliko lebo inavyosema, yaani mm 3.5 pale palipoandikwa 4, ili katikati ya ua pasiwe na tundu la kupitisha kidole. Zile pembesita zinazojulikana kama ua la Kiafrika, zenye petali sita na ukingo wa rangi nyingine, hupendeza zaidi kwa uzi huu kuliko mwingine wowote, maana mstari wa kila petali unaonekana wazi.

Kwa blanketi zima, pamba inaelemea. Mita 100 za pamba ni nzito kuliko mita 100 za akriliki ya unene uleule: bonge la gramu 100 la pamba hutoa mita 200 hadi 250 tu. Mraba wetu wa sm 10 unakula gramu 5 hadi 6 za akriliki, lakini gramu 7 za pamba au zaidi. Likilowa, blanketi la pamba linajivuta kwa uzito wake, kwa hiyo halianikwi kwa kutundikwa kwenye kamba. Lianike juu ya mkeka au lilaze juu ya kamba tatu nne zilizo sambamba. Mahali penye unyevu, likikunjwa kabla ya kukauka hadi ndani ya viungio, linaota koga.

Nyekundu, bluu nzito na nyeusi za pamba huchuja. Ukikusudia kuzifuma pamoja na nyeupe, lowesha sm 20 za uzi kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, uzikunje ndani ya kitambaa cheupe, na ukandamize kwa dakika tano. Kitambaa kikipata hata waridi hafifu, usizichanganye. Siki na chumvi ambazo kila jirani atakushauri hazitaufunga uzi uliotiwa rangi vibaya kiwandani.

4. Sufu inayofulika kwa mashine

Hii ni sufu iliyotibiwa ili isigandamane. Ina joto kuliko zote zilizotangulia na haielemei. Inafaa Nyanda za Juu, au kama blanketi linapelekwa kwa ndugu aliye Ulaya au Kanada. Kasoro yake ni kutanuka: ikifuliwa, vipande hulegea na mraba wa sm 10 unaweza kuonekana wa 11. Fuma kipande kimoja, kifue, kikauke, ndipo ukipime.

5. Sufu ya kawaida

Nzuri mikononi mwa mwenye nidhamu. Maji ya moto pamoja na kusugua huigandamanisha, na blanketi la kitanda linabaki la kitoto. Nondo nao wanaipenda. Kama anayepewa zawadi anafulia beseni moja na jinzi, usimpe sufu hii.

6. Uzi wa velveti

Laini mno, na dukani kila mtu anaushika shavuni. Kwa vipande na maua, uache. Mishono haionekani, kwa hiyo utaikosa hesabu ya nguzo. Ukikosea, kufumua kunaung'oa unyoya na kuacha kamba tupu. Mikia, yaani ncha za uzi zinazobaki mwanzo na mwisho wa kufuma, nayo huteleza ikatoka yenyewe. Una kazi yake kwenye blanketi la kipande kimoja, la mishono mikubwa.

Hesabu ya kununulia

Nunua kwa mita. Tuseme bonge la kwanza ni shilingi 4,000 na lina mita 200, la pili ni 5,000 na lina mita 300. La kwanza linakugharimu shilingi 20 kwa mita, la pili chini ya 17. Mwenye duka atakuambia la kwanza ndilo la bei nafuu.

Mraba wetu unakula karibu mita 16 za akriliki pamoja na mikia. Mara 180, ni mita 2,880. Ongeza sehemu ya tano kwa kuunganisha na ukingo, unafika karibu 3,460, yaani mabonge 12 ya mita 295. Hayo ni kwa rangi moja. Kwa rangi nyingi, kila mzunguko na rangi yake, hesabu ni nyingine, na hapa ndipo wengi wanapokwama.

Mzunguko wa kwanza una nguzo 12, wa pili 24, wa tatu 36, wa nne 48. Jumla 120. Maana yake mzunguko wa nje peke yake unakula sehemu nne katika kumi, na wa katikati sehemu moja tu. Ila kila unapobadili rangi unaacha mikia miwili ya sm 15, na mikia hiyo ni ileile kwa mzunguko mdogo na mkubwa. Katikati, ambako kwa hesabu ya nguzo bonge moja lingetosha, panataka karibu mita 320. Bonge moja linaishia kama vipande 14 kabla ya mwisho. Mzunguko wa pili unataka mita 587, na mabonge mawili yana 590: usithubutu.

Kwa hiyo nunua hivi: mabonge 2 ya rangi ya katikati, 3 ya mzunguko wa pili, 3 ya wa tatu, na 6 ya rangi ya nje ambayo pia itaunganisha vipande na kufanya ukingo. Ni 14 badala ya 12. Ukitaka kubana matumizi, katikati tumia masalio ya rangi yoyote, mradi ni uzi wa aina ileile. Kile kitone kidogo kinavumilia rangi kumi tofauti, tena kinapendeza. Mikia usiikate mifupi kuliko sm 15, maana mkia wa sm 5 hauwezi kufichwa na utachomoka.

Rangi ya nje ndiyo ya kuihangaikia dukani. Mabonge yake yote sita yawe na namba moja ya loti, iliyogongwa karibu na namba ya rangi. Krimu ya loti mbili inafanana chini ya taa ya duka. Ukiitandika kitandani mchana utaona mstari. Kama loti moja haitoshi, zifume kwa kupokezana, kipande hiki loti hii, kinachofuata loti ile, na uzitawanye.

Bonge lisilo na lebo

Sokoni utayakuta, na mengine ni mazuri. Kwanza unene: kunja uzi unaoujua uwe kitanzi, pitisha usioujua ndani ya kitanzi hicho, kisha usokote pande zote mbili. Pitisha vidole kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukihisi ngazi pale zinapokutana, unene si mmoja. Pili, aina: nyumbani, shika sm 10 kwa koleo juu ya beseni la maji, uwashe. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Sufu inanuka nywele zilizoungua, na moto hufifia wenyewe. Akriliki inayeyuka, moshi wake mkali, na inaacha tone gumu jeusi lisilopondeka. Mchanganyiko unatoa dalili za vyote viwili. Tatu, uzito: omba uwekwe kwenye mizani. Mabonge yaliyofungwa upya huwa pungufu, na ndani yana mafundo.

Sindano na ruwaza

Nunua moja nzuri ya mm 4 kabla ya kununua pakiti ya kumi na mbili. Ya alumini yenye mpini wa raba ndiyo ya kwanza, kwa sababu vipande 180 ni kazi ya wiki nyingi na mpini mwembamba unakata kidole. Mianzi ni ya pili, nzuri kwa pamba inayoteleza. Plastiki hupinda. Ongeza mm 3.5 kwa maua, na sindano butu yenye tundu kubwa ya kufichia mikia.

Ukinunua ruwaza (maelekezo ya kufumia) ya Kiingereza, angalia kama ni ya Uingereza au ya Marekani. Nguzo, mshono ambao Waingereza huuita "treble" Wamarekani huuita "double", na "double" ya Uingereza ni mshono mfupi kabisa. Mraba uliofumwa kwa kamusi isiyo yake unatoka mdogo mno au mkubwa mno. Kama kamusi ni sahihi na bado kingo zinafanya mawimbi, mishono imezidi. Kama kipande kinajikunja kama bakuli, imepungua au umeikaza mno.

Kabla ya kulipia yote 14, nunua bonge moja la kila rangi na umwombe mwenye duka akuwekee mengine ya loti hiyohiyo kwa siku tatu. Fuma vipande vinne, vifue kama vitakavyofuliwa maisha yao yote, vianike, uvipime kwa rula. Vikitoka sawa, rudi ukachukue yaliyobaki.