TAHADHARI: Monita "mpya" zenye nukta, Arusha mjini

Wadau wa Arusha, hasa ninyi wa stationari, studio za picha na wabunifu wa kadi, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna muuzaji wa monita katikati ya mji anauza vioo vyenye pikseli (zile nukta ndogo sana zinazounda picha) zilizoganda, na anajua fika anachokiuza. Jina lake silitaji kwa sababu suala tumeshalipeleka kwenye vyombo husika, ila mchezo wake nauanika wote.

Ukifika dukani anakuwashia monita kwenye ukurasa mweupe. "Ona bosi, safi kabisa." Na kweli unaona safi. Hapo ndipo anapokupigia. Kila pikseli ina vijisehemu vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu, na weupe hupatikana vyote vitatu vikiwaka pamoja. Cha kijani kikiganda kikiwa kimewaka, kwenye weupe hukioni, maana pale kilitakiwa kuwaka hata hivyo. Mimi nilinunua kwake, na nukta niliiona usiku nyumbani, nilipofungua picha ya kambi ya Serengeti iliyopigwa gizani: kwenye anga jeusi, nukta ya kijani inang'aa kama jicho la paka. Nikafuta kwa kitambaa, ipo. Nikasogeza picha, yenyewe haisogei. Nikanasa picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, nikaitazama kwenye simu, nukta hakuna. Basi ubovu uko kwenye kioo, si kwenye kompyuta.

Sehemu ya pili ndiyo chafu zaidi. Ukimpigia simu hakatai. Anakwambia kwa upole, "Hiyo kawaida tu, ibonyeze kidogo kwa kidole itapotea." Dada mmoja wa mtaa wa Sakina, aliyenunua kwake pia, akamsikiliza. Akabonyeza, kikabaki kiwingu cheusi cha ukubwa wa shilingi mia. Alipoirudisha akajibiwa, "Dada yangu, hii umeiharibu mwenyewe, alama ya kidole hii hapa." Hela ikaishia hapo. Jamani, msibonyeze! Na yule fundi ambaye muuzaji anakuelekeza kwake, usimpe monita pia.

Ni kweli nukta ya rangi wakati mwingine huachia yenyewe, au kwa programu zinazobadilisha rangi harakaharaka mahali pale, lakini haina uhakika. Ile nyeusi, iliyokufa, mara nyingi ndiyo imekufa. Kwa vyovyote, mali uliyouziwa kama mpya si kazi yako kuitibu.

Wengi hawalijui hili: monita ya pikseli 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni 2, na viwanda vingi hujiruhusu chache mbovu. Kipo kiwango cha kimataifa, ISO 9241-307, chenye madaraja yake, na daraja la juu kabisa ndilo lisiloruhusu hata moja. Kwa hiyo waranti ya kiwanda inaweza kuikataa nukta yako moja. Kinachokulinda ni makubaliano na muuzaji, yaandikwe kwenye risiti: nukta ikionekana ndani ya siku 7, anabadilisha. Huyu hakubali kuandika. Risiti yake ni ya mkono, na ukidai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anakwambia bei inapanda.

Angalieni na boksi. Langu lilikuwa na tepu mbili, ya juu imebandikwa juu ya nyingine iliyokwisha kuchanwa, na ile namba ndefu ya kwenye boksi hailingani na ya kwenye stika nyuma ya monita. Kwangu mimi hiyo ni mali iliyorudishwa na mteja mwingine.

Popote unaponunua, Arusha au Moshi, nenda na flashi yenye picha tano za rangi tupu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu. Zifungue skrini nzima palepale dukani, mbali na mwanga wa mlangoni, na uzikague hadi kwenye kona. Usikubali kurukishwa ile nyeusi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Kama nawe umeuziwa hivi, tunza boksi, risiti hata kama ni ya mkono, meseji zake na ujumbe wa muamala wa simu, kisha nitumie ujumbe faragha. Tunataka malalamiko yenu yaungane na yetu.